Uchungu unataka moto, harufu inaukimbia

Dada mmoja wa Minneapolis anayejipikia bia kwa hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ameniandikia wiki hii: "Kaka, nimeweka hopsi mara mbili ya ulivyosema, nimechemsha saa nzima. Bia imekuwa chungu kama shubiri na bado hainukii. Nimekosa nini?"

Swali lake limenigusa, kwa sababu ndilo lililonihangaisha hadi nikafika nilipo. Mwezi uliopita bia yangu ilishika nafasi ya kwanza katika mashindano ya klabu yetu hapa Seattle, na kila mwamuzi alianza kwa kusifia harufu. Najua wengi mnaonisoma mnataka kufika hapo hapo, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Dada yangu, hopsi zako zilitosha. Ulizipika zote, basi.

Pasua ua la hopsi katikati utaona unga wa njano unaonata vidoleni. Huo ndio lupulini, na ndani yake mna vitu viwili ambavyo tabia zao hazifanani hata kidogo. Kuna asidi za alfa, na inayojulikana zaidi ni humuloni. Zikiwa mbichi haziyeyuki vizuri majini wala hazina uchungu wa maana. Zikichemka, molekuli zake hujipanga upya zikawa humuloni za iso, na hizo ndizo zinazokukamata nyuma ya ulimi. Kazi hiyo huenda polepole: baada ya saa nzima jikoni, kinachoingia kwenye bia ni kama robo ya asidi ulizoweka, ukibahatika theluthi.

Halafu kuna mafuta ya harufu. Ni machache, kwa kawaida kati ya asilimia 0.5 na 3 ya uzito wa ua kavu. Chukua mojawapo, mirsini, ambayo kwenye aina ya hopsi iitwayo Cascade hukaribia nusu ya mafuta yote. Ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 167, ndiyo maana watu hudhani itasalia kwenye sufuria iliyo nyuzi 100. Haisalii. Mirsini na maji hazipatani, na mvuke unaopanda huibeba na kuondoka nayo. Ile harufu inayojaza nyumba hadi jirani anabisha hodi kuuliza unapika nini, hiyo imeshatoka kwenye bia yako.

Basi hopsi za uchungu weka mwanzo, za harufu weka mwishoni. Nitarudia tena na tena.

Mimi nimekulia Kibosho, na bibi yangu alikuwa mpika mbege, pombe yetu ya ndizi, anayeheshimika. Alijua msesewe, gome la mti linaloipa mbege uchungu, vizuri kuliko daktari anavyojua dawa zake. Gome likikauka anatwanga, anaonja kidogo kwenye ncha ya kidole, ndipo anaamua kiasi cha kupika na kimea cha ulezi. Gome la mti huu mwaka huu, la mti ule mwaka ujao, halikuwa na nguvu sawa, na yeye hakukisia. Kwa hiyo nilipoingia kwenye duka moja la vifaa vya bia, mgeni katika nchi hii, nikamuuliza muuzaji asilimia ya asidi za alfa kwenye pakiti isiyo na maandishi, sikutegemea anicheke. Aliniambia watu wa kwetu hawana utamaduni wa hopsi, nisijisumbue na namba. Akaniuzia pakiti ile. Nilipoifungua nyumbani ilinuka jibini na soksi. Ndivyo hopsi zinavyonuka zikikaa muda mrefu kwenye joto na hewa, asidi zake zikaharibika. Maneno yale bado yananiuma. Mtu aliyelelewa na msesewe afundishwe na nani kwamba uchungu hupimwa?

Tangu hapo nanunua hopsi nikijua mwaka zilipovunwa, zilizofungwa bila hewa, na nazihifadhi kwenye friza. Nanyi fanyeni hivyo. Someni pakiti! Hopsi aina ya Saaz ya Ucheki ina alfa karibu asilimia 3 au 4, aina ya Magnum hufika 12 na zaidi. Ukizibadilishana gramu kwa gramu umetengeneza bia nyingine kabisa.

Kila Septemba navuka milima kwenda bonde la Yakima wakati wa mavuno. Jimbo la Washington hutoa takriban robo tatu ya hopsi zote za Marekani, na hewa ya huko majira hayo huwezi kuisahau. Sugua ua mbichi kati ya viganja, vuta pumzi. Mara ya kwanza nilihisi karafuu, nikadhani ni hamu ya nyumbani inayonidanganya. Haikuwa hamu. Kariofilini, mojawapo ya yale mafuta ya harufu, imo kwenye hopsi, na imo kwenye mafuta ya karafuu za Zanzibar na Pemba pia. Linaloli, mafuta mengine ya hopsi, ndiyo hiyo hiyo unayoikuta kwenye giligilani. Pua zetu zimeshasoma darasa hili tangu utotoni, kwa hiyo msikubali mtu awaambie hamna pua ya bia.

Sasa mwishoni ni lini? Zima moto, acha sufuria ishuke hadi karibu nyuzi 80, ndipo uweke hopsi za harufu na kufunika kwa dakika 20 hivi. Kwenye joto hilo uchungu mpya huzaliwa kidogo sana na mvuke si mwingi. Fungu jingine, kubwa zaidi, liweke bia ikiwa imeshapoa, chachu ikiwa inakaribia kumaliza kazi. Mimi huacha chachu kidogo iwe bado hai, kwa sababu inaweza kugeuza geranioli, mafuta mengine ya hopsi, kuwa sitroneloli, na bia ikapata harufu ya machungwa ambayo haikuwamo kwenye ua. Hapo ndipo ushindi wangu ulipotoka.

Na usiiache bia juani. Mwanga ukizipata humuloni za iso hutengeneza kitu chenye salfa kinachonuka kama kicheche, na ndiyo sababu chupa nzuri ni za kahawia.

Jambo la mwisho, dada, kwa kuwa utaweka hopsi nyingi kwenye bia iliyopoa. Maua hayo yana vimeng'enya vinavyokata sukari ndefu ambazo chachu ilishindwa kuzila, na chachu huamka tena na kutoa gesi. Pima uzito wiani wa bia, ambao hushuka sukari inapoliwa, siku mbili tatu mfululizo, na usifunge chupa hadi namba iache kushuka, kwani chupa iliyofungwa mapema hupasuka.