Asali inayotoa povu: tatizo lilianzia mzingani

Ndugu yangu wa Kigamboni, nimekuelewa: asali uliyovuna Aprili, katikati ya masika, inatoa povu na kunukia pombe, na mteja anadai umeichanganya na maji. Naamini hukuichanganya, ulivuna mbochi, yaani maji matamu ya maua, ambao haujawa asali.

Nyuki huleta mbochi wenye maji mengi, kisha huupitisha kinywa kwa kinywa wakiutia vimeng'enya, kimoja kikivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi, kingine kikizalisha asidi inayosaidia kuzuia vijidudu. Joto la mzinga, ambalo penye majana (watoto wa nyuki) hukaribia nyuzi 35, pamoja na upepo wa mabawa, hupunguza maji mpaka yawe chini ya asilimia 20, ndipo vyumba vya sega hufunikwa kwa nta. Kundi dogo, mzinga unaovuja na hewa nzito ya pwani huichelewesha kazi hiyo, na hamira za asili zikapata nafasi ya kuichachusha asali.

Vuna masega yaliyofunikwa angalau robo tatu. Yaliyo wazi yatikise, na yakidondosha matone yarudishe mzingani. Niliwahi kuyapuuza matone hayo nikapoteza ndoo nzima. Ziba paa la mzinga, acha tundu la hewa, na azima rifraktometa, kifaa cha kupima kiasi cha maji kwenye asali, upime kabla ya kufunga ndoo, ambayo isikae wazi, maana asali hunyonya unyevu.

Iliyochacha usiichemshe ukairudisha sokoni. Mteja akishikilia madai yake, peleka sampuli kwa wataalamu wa maabara ya chakula kabla hamjagombana.