Vyombo Vilikuwa vya Nani? Mzee wa Besi Anajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu nimezisoma zote nikiwa kibandani kwangu sokoni Mwanjelwa, Mbeya, jiko la mkaa likiwa chini ya meza, maana baridi ya mwaka huu imetukaba. Nimechagua nne. Wengine mnivumilie, zamu yenu inakuja.

Kamwene mzee wetu. Naishi Kihesa, Iringa. Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia kwamba wanamuziki wa Tancut Almasi, bendi ya hapa kwetu, walikuwa waajiriwa wa kiwanda cha kuchonga almasi na walipokea mshahara kila mwisho wa mwezi. Mwanangu wa kidato cha tatu anabisha, anasema babu yake alitia chumvi. Almasi na muziki wa dansi wapi na wapi? Tupatanishe. – Mama Watatu, Iringa

Kamwene, mama. Mwambie kijana babu yake hakutia chumvi hata punje. Jina Tancut lenyewe ni kifupi cha jina la kampuni ya umma iliyokuwa ikichonga almasi hapo hapo Iringa, na bendi ilikuwa ya kampuni. Almasi zilichimbwa Mwadui kule Shinyanga, muziki ukapigwa Iringa.

Wala Iringa haikuwa peke yake. Kijana wako alizaliwa bendi hizo zimeshakwisha, ndiyo maana jambo hilo anaona kama hadithi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, kila shirika lililojiweza lilitaka bendi yake. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Mabasi ya Dar es Salaam yalikuwa na UDA Jazz, polisi walikuwa na Polisi Jazz, magereza Magereza Jazz, Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli. Chama cha wafanyakazi kilikuwa kimelitangulia Azimio kwa kuanzisha NUTA Jazz mwaka 1964. Chama kilipobadili jina, bendi nayo ikabadili, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo mnaiita Msondo Ngoma.

Sababu kubwa ni vyombo. Gitaa la umeme, ampilifaya, maiki, saksafoni, drums, vyote vilitoka nje, na kuvileta kulitaka fedha za kigeni, ambazo miaka ile zilikuwa adimu kuliko sukari. Mtu binafsi aliyeweza kununua seti nzima ya vyombo alihesabika kwa vidole. Shirika liliweza. Basi mwanamuziki akaenda palipo na vyombo, kama mkulima anavyokwenda palipo na shamba. Akapewa barua ya ajira, mshahara, matibabu, na ukiwa na bahati, chumba cha kulala. Mchana wengine walitakiwa kuonekana kazini, jioni mazoezi, mwisho wa wiki dansi.

Tancut niliwaona kwa macho yangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Nilitoka Mbeya na basi la asubuhi, tukaharibikiwa njiani karibu na Makambako, nikaingia ukumbini Iringa saa nne usiku nguo zimejaa vumbi. Walikuwapo wale pacha kutoka Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Mama, sijasikia tena sauti mbili zikiungana namna ile. Ulikuwa huwezi kujua mmoja anamalizia wapi na mwingine anaanzia wapi. Kwenye gitaa alikuwa amepita pia John Kitime, mtoto wa Iringa, ambaye baadaye vijana walimfahamu akiwa na Kilimanjaro Band, wana Njenje, na ambaye amefanya kazi kubwa ya kuandika kumbukumbu za muziki wetu. Nilisimama mbele ya spika usiku kucha nikimtazama mpiga besi vidole vyake. Sikucheza hata wimbo mmoja.

Ila babu huenda hakuwasimulia upande wa pili. Lile gitaa lililokuwa begani kwa mwanamuziki halikuwa lake. Dansi likiisha, vyombo vinarudi stoo ya shirika na ufunguo anao mtu mwingine. Mwanamuziki akihama bendi, anahama na sauti yake na vidole vyake tu. Ndiyo maana walikuwa wakihama sana: aliyetangaza vyombo vipya leo, kesho ana waimbaji wa bendi tatu. Na mashirika yalipoanza kuyumba na kuuzwa, bendi zikafa nayo. Mhasibu aliweza kwenda kuomba kazi ya uhasibu kwingine. Mpiga tumba alikwenda wapi?

Mtazame Muhidin Maalim Gurumo. Alikuwa NUTA tangu 1964, mwaka 1978 akawa Mlimani Park, mwaka 1985 akaenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo mpaka alipostaafu mwaka 2013. Takriban nusu karne ya kuimba, na nchi nzima inazijua nyimbo zake. Alipostaafu akaeleza kwamba hajawahi kumiliki gari, na Diamond Platnumz ndiye aliyemzawadia. Aprili 2014 mzee akafariki. Nilifurahi sana kwa zawadi ile, nampongeza kijana hadi leo. Lakini usiku ule sikulala, nikihesabu ni kumbi ngapi zilijaa kwa sauti ya Gurumo na fedha za viingilio ziliingia mifuko ya nani.

Kwa hiyo mpe kijana jibu kamili. Mshahara ulikuwapo, babu yake alisema kweli. Na ulipokoma, hapakubaki kitu mkononi.

Shikamoo mzee mwenzangu, kama nimekuzidi umri basi uniitikie. Mimi ni mwalimu mstaafu, Tukuyu. Nafundisha bendi ndogo ya vijana. Tunataka kupiga na kurekodi nyimbo za Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Nimeambiwa nyimbo za marehemu hazina mwenyewe. Ni kweli? – Mwalimu, Tukuyu

Marahaba, na shikamoo nawe Mwalimu, tugawane.

Aliyekuambia hivyo amekupotosha. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Basi chukua kalamu. Salum Abdallah, yule wa Cuban Marimba ya Morogoro, alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Ongeza 50, unapata 2015. Nyimbo alizotunga yeye mwenyewe muda wake umekwisha, vijana wapige. Mbaraka Mwinshehe alifariki Januari 1979, naye kwa ajali ya gari, kule Mombasa, hajafikisha hata miaka 35. Ongeza 50, ni 2029. Za Mbaraka bado zina wenyewe, na wenyewe ni warithi wake.

Angalia jambo moja: nasema nyimbo *alizotunga yeye*. Katika bendi anayeimba na anayetunga si lazima awe mtu mmoja. Wimbo unaoujua kwa sauti ya kiongozi unaweza kuwa umetungwa na mpiga ridhimu aliyeishi miaka ishirini zaidi. Na kanda yenyewe ya zamani, ile sauti iliyorekodiwa, ina haki zake mbali na utunzi; msiikate vipande mkaibandika ndani ya kazi yenu. Pigeni upya kwa mikono yenu. Kabla ya kurekodi, waandikie Ofisi ya Hakimiliki, ile tuliyozoea kuiita COSOTA, mkitaja wimbo mmoja mmoja.

Halafu nakuomba, Mwalimu, vijana wakipanda jukwaani mmoja atangaze jina la mtunzi kabla ya kila wimbo. Mtunzi kutajwa jina ni haki yake kisheria, na kwa wengi wa zama zetu ndiyo pekee waliyobaki nayo.

Mzee, kila mwezi unaandika wanaume tu. Kwani wanawake hawakuimba? – Dada wa Mafinga

Umenipata, dada yangu, na una haki ya kukasirika.

Sauti ya mwanamke ndiyo iliyotangulia kwenye santuri huku kwetu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akitembeza vyungu akiviuza kwa kuvinadi kwa sauti, alisafiri na kundi lake hadi Bombay mwaka 1928 wakarekodi taarab kwa Kiswahili. Alifariki 1950, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Ona tofauti: wako waimbaji wangapi, wanaume kwa wanawake, ambao mwandishi mkubwa wa zama zao aliketi akawaandikia kitabu? Bi Kidude alizibeba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, akatuzwa na WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005, akafariki Aprili 2013.

Kwenye dansi walikuwa wachache kwa sababu dansi lilipigwa baa, usiku, na binti aliyepanda jukwaani alionekana ameharibika. Nimewaona wasichana wenye sauti wakirudishwa nyumbani na kaka zao katikati ya mazoezi. Waliovumilia walikuwa na moyo wa chuma. Tabia Mwanjelwa aliimba bendi ya Maquis, katikati ya magwiji wa Kongo, na jina lake hilo la Mwanjelwa ni lile lile la soko ninalofanyia kazi. Nitamwandikia ukurasa wake peke yake.

Shikamoo babu. Nina miaka 22, naishi Mafiati hapa hapa Mbeya, naimba bongo fleva. Kuna mwenye studio anataka kunisaini. Atanilipia kurekodi nyimbo sita na video mbili, nami nisaini miaka kumi. Amenipa hadi mwisho wa mwezi. Rafiki zangu wanasema nisaini nikaondoke Mbeya, maana hata Rayvanny asingetoka angebaki bila jina. Nifanyeje? – Kijana wa Mafiati

Marahaba mjukuu wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Kwanza Rayvanny. Ni kweli, Raymond Mwakyusa ni mtoto wa Mbeya, alizaliwa hapa 1993. Alikwenda Dar es Salaam, akapita Tip Top Connection, akaingia Wasafi, lebo ya Diamond, 2016 akatambulishwa rasmi, na 2017 akaleta tuzo ya BET. Nilikuwa hapa sokoni siku ile. Wauza mitumba walipiga nyimbo zake tangu asubuhi mpaka giza. Lakini rafiki zako wanaishia hapo. Waambie wamalizie: 2021 alifungua lebo yake mwenyewe, Next Level Music, na 2022 akaondoka Wasafi. Aliingia nyumba ya watu, akajifunza, kisha akajenga yake. Wewe karatasi uliyopewa inakuruhusu kujenga lini? Ukiwa na miaka 32.

Mimi nilipiga besi katika bendi ya baa moja hapa mjini kuanzia 1983. Vyombo vilikuwa vya mwenye baa. Waya za besi zilikuwa hazipatikani, nilikuwa nikifumua waya wa breki za baiskeli nikaufunga kwenye gitaa, vidole vikachanika mpaka damu. Mwezi wa saba baridi ilikuwa ikipotosha sauti ya gitaa katikati ya wimbo; kati ya nyimbo tulikuwa tukiota mikono kwenye jiko la mchoma nyama. Nilitunga nyimbo kumi na moja. Hakuna niliyoiandika jina langu mahali popote, kwa kuwa tulisema "wimbo wa bendi". Mwaka 1989 mwenye baa akauza kila kitu. Asubuhi nilikuta kufuli jipya mlangoni. Gitaa nililopiga miaka sita likaondoka kwenye gari la mizigo kuelekea Tunduma, na mimi nikabaki na mkanda wake, kwa sababu mkanda ulishonwa na mke wangu kwa kitambaa chetu. Upo hapa umening'inia ukutani. Nyimbo zile kumi na moja nimesikia mbili zikiimbwa na watu wengine, na sina karatasi ya kuonyesha.

Basi usisaini kabla hujapata majibu haya kwa maandishi. Masta za nyimbo hizo sita, yaani rekodi zenyewe halisi, zitakuwa za nani, na baada ya miaka kumi zinarudi kwako au zinabaki kwake? Akaunti ya YouTube inafunguliwa kwa jina la nani, na neno la siri anashika nani? Gharama za video anazokata ni kiasi gani, na ukishazilipa mgawo unabadilika? Ukipata shoo ya harusi Uyole, naye ana fungu humo? Jina lako la kisanii je? Wapo vijana waliotoka kwenye mikataba wakakatazwa hata kujiita walivyozoeleka.

Miaka kumi kwa nyimbo sita ni mingi mno. Mwombe miwili, au mitatu. Akikasirika kwa sababu umeuliza, umeshamjua.

Kuhusu kuondoka Mbeya, sikukatazi. Wakati wetu kurekodi kulikuwa na maana ya kwenda Dar es Salaam, Redio Tanzania, bendi nzima na vyombo. Leo unaweza kurekodi Soweto au Kabwe hapa hapa Mbeya na wimbo ukasikika Kigoma usiku huo huo. Ukienda Dar, nenda ukiwa umejisajili BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, na nyimbo zako zimesajiliwa hakimiliki kwa jina lako kamili la kwenye kitambulisho. Maneno ya kila wimbo yaandike kwenye daftari, weka tarehe. Kama ulitunga na mwenzako, muandike naye.

Usinitumie mkataba kwa picha za simu, uchapishe wote, kurasa zote. Nipo kibandani kuanzia saa tatu asubuhi, Jumapili tu ndiyo sipo. Njoo na mama yako kama yupo, na tutampitishia mwanasheria mmoja jirani yangu ambaye nilimtengenezea gitaa la kanisa. Bado una siku kumi na sita.