Bendera nusu mlingoti isionekane kama imeteleza

Bendera iliyoshushwa shubiri mbili tu kutoka kileleni haiombolezi. Mpita njia akiitazama anadhani kamba imelegea. Kosa hili ndilo linaloharibu siku nyingi za kumbukumbu, na chanzo chake ni neno "nusu", ambalo kila mtu hulipima kwa jicho lake.

Kipimo cha chini kabisa ni hiki: nafasi kati ya ukingo wa juu wa bendera na kilele cha mlingoti isipungue kimo cha bendera yenyewe. Bendera ya sentimita 90 kwa 150, ambayo inaufaa mlingoti wa mita 6, ishuke angalau sentimita 90. Uingereza huiweka kwenye theluthi mbili za mlingoti kutoka chini, ilhali sheria ya bendera ya Marekani inataka nusu kamili kati ya kilele na kitako. Kwa hiyo anza na mwongozo wa nchi yako. Kama hautaji kipimo, chagua theluthi mbili, hasa kwa mlingoti mfupi. Bendera hiyo hiyo ikiwekwa katikati kabisa ya mita 6, upepo ukikata huning'inia mpaka ncha yake ya chini inafika usawa wa kichwa cha mtu mzima. Watu watapita wakiisukuma kwa mikono, na hiyo si heshima.

Kazi ya maana hufanyika jana yake. Pandisha bendera, ishushe hadi pale inapotakiwa, kisha rudi nyuma hatua 20 uitazame. Ukiridhika, funga uzi wa rangi kwenye kamba, pale inapokutana na chuma cha kufungia. Kesho yake hutahitaji kukisia. Ukiwa hapo angalia pia kilicho jirani na mlingoti, kwa sababu mahali palipo wazi kileleni huenda pana matawi, ukingo wa paa au taa mita mbili chini yake. Bendera ikipepea huku inagonga tawi, pindo la mwisho huanza kuchanika siku hiyo hiyo. Kata tawi mapema. Vuta kamba juu na chini mara kadhaa usikilize roda, kigurudumu cha kileleni kinachopitisha kamba: ikikwama au kulia, ipake mafuta kabla ya sherehe. Kamba iwe na urefu wa mara mbili ya mlingoti na ziada ya mita moja hivi ya kufungia.

Asubuhi, bendera haivutwi kutoka chini na kufungwa katikati moja kwa moja. Ipandishe kwa haraka hadi kileleni, iache hapo kidogo, ndipo uishushe taratibu hadi kwenye alama ya uzi. Jioni ipandishe tena hadi juu, kisha iteremshe polepole mpaka mikononi, bila kugusa ardhi. Sababu yake ni kwamba kilele ndicho mahali pake. Lazima ifike pale kwanza ndipo kushuka kwake kuwe na maana ya huzuni. Watu wawili wanatosha: mmoja kwenye kamba, mwingine akiipokea.

Kufunga ndiko kunakowashinda wengi. Bendera ikiwa kileleni, roda huizuia isiende juu zaidi. Ikiwa nusu mlingoti, hakuna kinachoizuia ila kamba. Kaza pande zote mbili za kamba, wa juu na wa chini, kisha uzizungushe pamoja kwenye chuma kwa umbo la namba nane, mara tatu au nne. Ukikaza upande mmoja tu, bendera itajikunja, itasogea kwa kila upepo, na kufikia mchana itakuwa imehama kutoka kwenye alama ya uzi.

Halafu kuna suala la saa. Siku ya kumbukumbu haimaanishi nusu mlingoti kila mahali, wala kutwa nzima. Marekani, katika Memorial Day, siku ya kuwakumbuka wanajeshi waliokufa, Jumatatu ya mwisho ya Mei, bendera hukaa nusu mlingoti hadi saa 6 mchana, kisha hupandishwa kileleni. Australia hufanya vivyo hivyo tarehe 25 Aprili. Uholanzi, tarehe 4 Mei, huishusha kuanzia saa 12 jioni hadi jua linapozama. Uingereza, Jumapili ya Kumbukumbu ya Novemba, bendera hupepea kileleni. Saudi Arabia haishushi bendera yake kabisa, kwa kuwa imeandikwa shahada, tamko la imani ya Kiislamu. Soma tangazo la serikali na ufuate saa zake. Kuishusha kwa uamuzi wako binafsi, hata kwa nia njema, kunachanganya watu.

Kukiwa na bendera kadhaa, ya taifa ikishuka zote zishuke, au hizo nyingine zisipandishwe. Bendera ya taasisi ikibaki juu ya bendera ya taifa ni kosa kubwa. Ile iliyofungwa kwenye kijiti na haiwezi kushuka, kama ya ukumbini au ya ukutani, hufungwa utepe mweusi kwenye ncha ya kijiti, juu ya kitambaa.

Hakikisha pia upande wa juu uko juu. Bendera ya Indonesia ikigeuzwa inafanana na ya Poland, na ya Ufilipino, nyekundu ikiwa juu, hutangaza hali ya vita. Andika neno JUU kwa kalamu ndani ya pindo la upande wa mlingoti. Kwa mbali halionekani.

Iliyopauka au kuchanika usiipandishe siku hiyo. Kitambaa cha poliesta nzito huvumilia upepo mkali, nailoni hupepea hata kwa upepo mdogo, pamba hunywa maji ya mvua na kuning'inia kama nguo iliyofuliwa. Ikinyeshewa, ianike kivulini mpaka ikauke kabisa ndipo uikunje, kwani ikikunjwa na unyevu hupata madoa ya ukungu, na rangi nyekundu huchuja kwenye nyeupe.