Maswali na Majibu ya Wasomaji: Kampuni ya Nje, Malori na Njia ya Tunduma

SWALI: Ndugu Mhariri, kampuni yetu imesajiliwa Lubumbashi na ina malori manane yanayoteremsha shaba hadi bandari ya Dar es Salaam na kurudi na salfa au vipuri vya migodi. Miaka yote tumekuwa tukipata mizigo kupitia madalali, na sasa tunataka kufungua ofisi yetu Dar es Salaam ili tuzungumze na wenye mizigo sisi wenyewe. Ndugu zangu wananiambia kwamba, tangu Kongo ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, sisi si kampuni ya kigeni tena na hatuna haja ya kujisajili. Shemeji yangu, ambaye ni Mtanzania, ananishauri nifungue kampuni kwa jina lake na kuyahamishia malori yote huko ili niepuke usumbufu. Nifuate ushauri upi?
M. K., Lubumbashi

JIBU: Ndugu M. K., naomba usifuate wowote kati ya hiyo miwili. Nitaeleza kwa kirefu, kwa sababu swali lako huulizwa na wasafirishaji wengi, na wengi huja kuuliza wakati malori yao yameshasimamishwa mpakani.

Kwanza kuhusu Jumuiya. Ni kweli Kongo ni mwanachama tangu 2022, lakini Sheria ya Makampuni ya Tanzania haitazami uanachama wa nchi, bali hutazama mahali kampuni ilipoundwa. Kampuni iliyoundwa nje ya Tanzania ni kampuni ya kigeni, iwe imetoka Lubumbashi, Nairobi au Guangzhou. Isitoshe, malori yako hayatoki Kongo na kuingia Tanzania moja kwa moja. Yanatoka Kasumbalesa, yanapita Ndola, Kapiri Mposhi na Mpika, ndipo yanafika Nakonde na Tunduma, miji ya mpakani mwa Zambia na Tanzania, na nchi hiyo yote ya katikati ni Zambia, ambayo si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hata kama Dar es Salaam ingekufungulia milango yote, bado ungebaki na nchi nzima ya kupita kwa masharti yake yenyewe.

Jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote ni kwamba kusajili kampuni, kuruhusiwa kwa lori kuingia nchini, na kuruhusiwa kwa lori hilo kubeba mzigo fulani ni mambo matatu yanayosimamiwa na ofisi tofauti, na hakuna moja kati yake linaloleta jingine. Nimewahi kukaa mezani na mfanyabiashara aliyekuwa ameshika cheti kizuri cha usajili, akiwa na hakika kwamba kinamtosha, wakati dereva wake amelala siku ya nne kwenye foleni kwa kukosa bima ya kuvuka mpaka. Cheti kile kilikuwa halali kabisa, lakini hakikuhusiana na kilichokuwa kimemsimamisha dereva.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza utasajili nini, jiulize unataka kufanya nini Tanzania. Kama nia yako ni kupita tu, kuleta shaba na kuondoka na salfa, huna haja ya kusajili kampuni, na ndivyo ulivyofanya kazi hadi leo. Lori la kigeni huingia kwa kibali cha muda, hulipa tozo ya barabara kwa kadiri ya umbali na idadi ya ekseli, yaani mihimili ya magurudumu, na hutoka. Lakini ukishapanga chumba, ukaweka bango na mtu wa kupokea oda na kusaini mikataba, hapo umeanzisha mahali pa biashara, na sheria inakupa siku 30 tangu siku hiyo kuwasilisha nyaraka zako kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA.

Nyaraka zenyewe si nyingi, ila zinahitaji uangalifu kwa mtu anayetoka kwenu. Utatakiwa kuwasilisha nakala iliyothibitishwa ya katiba ya kampuni, orodha ya wakurugenzi na katibu, maelezo ya madeni yaliyowekewa rehani mali za kampuni, anwani ya ofisi kuu na ya ofisi ya Tanzania, na jina la mtu mmoja au zaidi anayeishi Tanzania aliyekubali kupokea hati za kisheria kwa niaba yenu. Kongo imo tangu 2012 katika OHADA, mfumo wa pamoja wa sheria za biashara wa nchi kadhaa za Afrika, kwa hiyo katiba yenu na cheti chenu cha RCCM, yaani cha daftari la usajili wa biashara, vimeandikwa kwa Kifaransa. Vitafsiriwe kwa Kiingereza na mtafsiri ambaye tafsiri yake itathibitishwa kisheria, na kazi hiyo ifanyike Lubumbashi kabla hujasafiri, kwa maana jina la mkurugenzi likiandikwa kwa namna moja katika pasi ya kusafiria na kwa namna nyingine katika tafsiri, maombi yatarudishwa, na marekebisho yatakulazimu kumrudia mthibitishaji wa kule kule mlikoanzia. Maombi hupelekwa kwa njia ya mtandao, ada hutozwa kwa dola za Marekani, na mwishoni hupewi cheti cha kuundwa kwa kampuni bali hati ya uzingatiaji, inayosema kwamba kampuni iliyoundwa kwingine imetimiza masharti ya kufanya kazi Tanzania.

Ofisi iliyosajiliwa hivyo ndiyo huitwa tawi la kampuni ya kigeni. Tawi lina manufaa yake, na lina uzito ambao watu huusahau: tawi na kampuni mama ni mtu mmoja mbele ya sheria. Deni la Dar es Salaam linaweza kudaiwa hadi Lubumbashi. Mamlaka ya Mapato, TRA, itakupa namba ya mlipakodi na kukutoza asilimia 30 ya faida ya tawi, kisha asilimia 10 nyingine kwa faida inayorejeshwa kwa kampuni mama, na kwa sababu hiyo utunzaji wa hesabu zinazotenganisha mapato ya Dar es Salaam na ya Lubumbashi ni jambo la kuanza nalo tangu siku ya kwanza. Watumishi utakaowaleta kutoka Kongo kuketi ofisini watahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, ambavyo ni hati mbili kutoka ofisi mbili.

Njia nyingine ni kuunda kampuni mpya ndani ya Tanzania, inayomilikiwa na kampuni yenu au na ninyi wenyewe kama wanahisa. Hiyo ni nafsi mpya mbele ya sheria, na malori yake husajiliwa TRA, hupata namba zinazoanza na herufi T, na kila lori hukatiwa leseni na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya mamlaka ya zamani ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019. Kabla ya kununua hata lori moja kwa njia hii, waandikie LATRA barua na upate kwa maandishi masharti ya leseni kwa kampuni yenye wanahisa kama ninyi. Jibu la mdomo kutoka kwa mtu aliyesimama nje ya jengo si jibu.

Kwa malori manane, na kwa nia uliyoieleza, mimi ningeanza na tawi, malori yakabaki na namba za Kongo. Shida yako ni kumfikia mwenye mzigo bila dalali, na tawi linaitatua. Wakala wa forodha huweka dhamana kwa kila mzigo wa transiti, yaani unaopita nchini kwenda nchi nyingine, na sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 pamoja na kanuni zake inataka mzigo huo uwe umetoka nchini ndani ya siku 30. Usipotoka, anayefuatwa kwanza ni aliyeweka dhamana. Ndiyo maana wakala humwogopa msafirishaji asiye na anwani, na ndiyo maana ofisi inayojulikana, yenye mtu wa kuitwa, inakupa mizigo ambayo lori peke yake halikupi. Usijaribu, hata hivyo, kuifanya ofisi yako kuwa wakala wa forodha. Kazi hiyo ina leseni yake, na amri ya serikali ya Tanzania ya Julai 2025 imeiweka miongoni mwa shughuli ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya.

Sasa shemeji yako. Sina shaka anakutakia mema, na neno langu hapa si shutuma juu yake. Lakini malori yakisajiliwa kwa jina lake, ni ya kwake. Benki yake ikimdai, watayakamata. Akifariki, Mungu amwepushe, yataingia katika mirathi, na watakaogawana ni watu ambao pengine hawajawahi kusikia jina lako. Kodi itadaiwa kwake kwa mapato ambayo hakuyapata, na siku mtakapokosana mahakama itasoma kadi ya gari, na makubaliano yenu ya sebuleni hayataonekana humo. Amri hiyo hiyo ya 2025 inamhesabu pia kuwa na kosa raia anayemsaidia mgeni kufanya shughuli zilizokatazwa, kwa hiyo mkijaribu uwakala wa forodha kwa njia hii, atakayefikishwa mahakamani pamoja nawe ni ndugu wa mke wako. Kama unamwamini, mpe kazi inayomstahili mtu wa kuaminiwa: awe ndiye mwakilishi mkaazi anayepokea hati za kampuni, kwa mkataba ulioandikwa na kwa malipo yanayojulikana.

Yaliyobaki ni ya lori lenyewe, nayo unayajua kwa sehemu. Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo ni bima ya kuwalinda watu wengine, inatambulika Kongo, Zambia na Tanzania, ingawa Tanzania ilijitoa COMESA, yaani Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 na ikabaki katika mpango huo wa bima. Dereva naye awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho pia watu hukiita kadi ya njano, na nimeona mara mbili msafirishaji akiagizwa kadi ya njano kwa simu akatuma isiyotakiwa. Mizani nayo ni ya kuheshimiwa kuanzia Mpemba, karibu na Tunduma, hadi Vigwaza mkoani Pwani. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa uzito wote wa lori na tela, lakini shaba humponza msafirishaji kwa njia nyingine: ni nzito na huchukua nafasi ndogo, hivyo ikipangwa upande mmoja wa tela, ekseli tatu za pamoja huvuka tani 24 zinazoruhusiwa wakati uzito wa jumla uko salama. Mpangaji wa shehena kule mgodini alijue hilo, kwa sababu lakiri ya kielektroniki, yaani kifungo cha forodha kwenye mzigo, ikishafungwa, dereva hawezi kuufungua mzigo barabarani na kuupanga upya.

SWALI: Ninasafirisha bidhaa kutoka Mombasa hadi Arusha kupitia Taveta na Holili. Mara nyingi lori langu hurudi tupu. Juzi nilipewa mzigo wa mahindi kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam, nikaukataa kwa woga. Je, nilipoteza bure?
Msafirishaji, Changamwe

JIBU: Ulifanya vyema, na woga wako ulikuwa wa busara. Lori lenye namba za Kenya haliruhusiwi kupakia mzigo sehemu moja ya Tanzania na kuushusha sehemu nyingine ya Tanzania, na lori la Tanzania limekatazwa vivyo hivyo nchini Kenya. Lori lako liliingia kwa kibali cha muda kwa ajili ya safari ya kimataifa, na likianza kubeba mizigo ya ndani linakuwa limekiuka sharti lililoliingiza, jambo ambalo chini ya sheria ya forodha linaweza kufikia kukamatwa kwa gari lenyewe. Naelewa uchungu wa kurudi na tela tupu kilomita zote hizo huku mafuta yakiungua. Unachoruhusiwa ni kupakia mahindi hayo hayo Arusha na kuyaleta Kenya, iwapo mwenye mzigo ana vibali vya kuyasafirisha nje. Watafute wanunuzi wa Taveta, Voi na Mombasa wanaoagiza nafaka kutoka Arusha na Kilimanjaro, na ufanye nao mapatano kabla lori halijaondoka Mombasa, kwa maana mzigo wa kurudi unaotafutwa baada ya kushusha huja kwa bei ya aliyebanwa.

SWALI: Mimi na mwenzangu, sote raia wa Oman, tunataka kuunda kampuni ya malori Tanzania. Tumeambiwa bila dola 500,000 hatuwezi kusajiliwa. Ni kweli?
Wasomaji, Muscat

JIBU: Mmechanganyiwa mambo mawili. Dola 500,000 ni mtaji ambao Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 iliutaka kwa mwekezaji wa kigeni aliyeomba cheti cha vivutio vya uwekezaji, ambacho tangu 2025 kinashughulikiwa, chini ya sheria mpya, na mamlaka iitwayo TISEZA, yaani Mamlaka ya Uwekezaji na Maeneo Maalumu ya Kiuchumi. Cheti hicho huombwa na anayetaka nafuu zake. BRELA inaweza kuisajili kampuni yenu ikiwa na mtaji mdogo kuliko huo. Andaeni pasi zenu, katiba ya kampuni inayotaja usafirishaji wa mizigo ndani na nje ya nchi waziwazi, na anwani halisi ya ofisi. Kuhusu leseni za malori, fanyeni kama nilivyomshauri ndugu wa Lubumbashi: pateni barua ya LATRA mkononi kwanza, kisha ndipo mlipie malori.