Kanuni za chumba cha kompyuta shuleni, zitubane na sisi walimu

Walimu wenzangu wa kompyuta, na nyie wakuu wa shule mliopokea mashine juzijuzi na sasa mnajiuliza muanzie wapi, naandika hii kwa sababu kila tukikutana semina pale Mbeya mjini naulizwa swali lile lile, "ticha, una kanuni za maabara utupe tukaprinti?" Ninazo na natoa bila shida, lakini kwanza nataka niseme zinavyofanya kazi, maana karatasi peke yake ukiibandika mlangoni haisaidii kitu.

Mimi nimefundisha kompyuta sekondari huku Rungwe upande wa Tukuyu, sasa hivi niko jirani na Uyole, na nimepita shule kadhaa za Njombe na Iringa kuwasaidia wenzangu kufunga mashine. Karibu kila shule kanuni zipo, kurasa nne tano za Kiingereza, zimetolewa mtandaoni kwenye shule ya Marekani au Uingereza, nyingine mpaka jina la jimbo la watu limebaki humo humo, na mwanzo hadi mwisho zinamsema mwanafunzi tu, asifanye hiki, asiguse kile, mwalimu hatajwi hata mstari mmoja. Sasa wewe kaa maabara uangalie nani anadanlodi muvi kwa bando la shule, nani anachomeka flashi iliyotoka kwenye banda la kuprinti, nani anampa mtoto paswedi ya admin ili amsaidie kuingiza maksi, utakuta mara nyingi ni sisi watu wazima. Na watoto wanaona kila kitu, usifikiri hawaoni, akija kushikwa yeye anakosa adabu kwa sababu anajua kabisa jana mwalimu wa zamu alikuwa anaangalia mpira kwenye mashine ile ile.

Kwahiyo ushauri wangu mkubwa ndo huo, kanuni ziwe za kila anayeingia kile chumba, mwanafunzi, mwalimu, mhasibu, mpaka mkuu mwenyewe, na mkuu awe wa kwanza kusaini mbele ya wanafunzi asubuhi paredi. Shule moja niliyofundisha nilimwendea mkuu ofisini nikamwambia, "mkuu, shikamoo, naomba wewe usaini wa kwanza, wengine watafuata," akanitazama kidogo akacheka akasaini, na kuanzia hapo hakuna mwalimu aliyenibishia habari ya flashi. Asingesaini ningehangaika nao mwaka mzima.

Alafu ziandikwe Kiswahili. Najua sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, lakini mtoto wa kidato cha kwanza aliyetoka shule ya msingi ya kijijini Januari hii hii, unampa karatasi ya Kiingereza cha mwanasheria aisaini, amesaini nini hapo? Ziwe chache ziingie ukurasa mmoja, na kila kanuni iwe na sababu yake pembeni kwa maneno mafupi. Ukimwambia mtoto "usizime mashine kwa kubonyeza swichi ya ukutani" atasahau kesho, ila ukimwambia ukiizima hivyo inaweza isiwake tena na hela ya fundi ni ile ya mitihani ya majaribio, hapo anakuelewa.

Niongelee flashi kwa kirefu kwa sababu ndo inayoua mashine nyingi huku kwetu. Shule nyingi intaneti ni ya kubahatisha, kwahiyo kila kitu kinatembea kwa flashi, mitihani, notisi, nyimbo, picha za mahafali. Mwalimu anatoka Mwanjelwa ameprinti mtihani, anakuja anachomeka kwenye mashine ya maabara, kesho wanafunzi wanachomeka za kwao pale pale, na baada ya wiki kila folda imegeuka shotikati. Ukifungua flashi unaona majina ya folda zako yote yapo, ila kila moja ina kamshale kadogo pembeni na ukubwa wake ni kilobaiti mbili tatu tu. Hapo watu wanachanganyikiwa, wengine wanafomati palepale, kazi ya muhula mzima inapotea bure. Jamani msifomati! Mara nyingi mafaili yako bado yapo, kile kirusi kimeyaficha tu kikaweka shotikati zenye majina yale yale ili ukibofya kikimbie kuingia kwenye mashine. Usibofye chochote, kwanza pitisha antivirusi, alafu fungua ile skrini nyeusi ya komandi (Command Prompt) uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (hiyo E ni herufi ya flashi yako, inaweza kuwa F au G), gonga enta, subiri, folda zako zitatokea. Zikopi sehemu safi ndo uifomati flashi.

Kanuni yetu ni hivi, kuna mashine moja tu karibu na meza ya mwalimu inayoruhusiwa kuchomekwa flashi, ina antivirusi inayosasishwa, na flashi ya mtu yeyote inapita hapo kwanza hata kama ni ya afisa elimu. Na kwa sasa hili ni la lazima zaidi maana mashine nyingi za msaada tunazoletewa ni za zamani, zina Windows 7 au Windows 10, na Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwahiyo matundu mapya ya kiusalama hayazibwi tena bure kama mwanzo. Mashine ya namna hiyo kinga yake iliyobaki ni sisi wenyewe tunavyoitumia.

Sasa jambo ambalo wengi hatupendi kuliandika, picha chafu. Itatokea tu, hata mtoto mwenye adabu zake anatafuta somo la uzazi la baiolojia anabofya kitu kinafunguka kingine. Kanuni nyingi zinasema "ni marufuku kuangalia picha za ngono, atakayekamatwa atafukuzwa," basi, zinaishia hapo. Hazimwambii mtoto afanye nini ikimtokea. Nilishashuhudia binti wa kidato cha pili skrini imemfungukia matangazo machafu, akainua mkono, "mwalimu, kuna kitu kimefunguka chenyewe," na mwalimu aliyekuwepo siku hiyo akamtoa nje akamchapa mbele ya wenzake. Baada ya pale hakuna mtoto darasa lile aliyewahi tena kuinua mkono kusema chochote, na sio kwamba hayo matangazo yaliisha. Walijifunza kufunga dirisha haraka na kunyamaza, na mtoto aliyejifunza kunyamaza ndo huyo huyo mtu mzima wa mtandaoni akimwomba picha hatakwambia.

Kwahiyo kwetu imeandikwa wazi kabisa: kikifunguka kitu kibaya, zima skrini, sio mashine, skrini tu, inua mkono, na aliyetoa taarifa mwenyewe haadhibiwi. Na tunamaanisha haadhibiwi, hata kama mwalimu ana mashaka naye. Mashine ikiachwa inawaka mwalimu anaweza kuona kilitoka wapi akakifungia. Kama ni jambo zito, kuna mtu anamtisha mtoto au anamtumia ujumbe wa ajabu, mwalimu wa malezi aambiwe siku hiyo hiyo, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto tumeibandika ukutani kwa maandishi makubwa, kupiga ni bure.

Kuhusu kufungia zile tovuti, sio lazima ununue kifaa cha hela nyingi. Ingia kwenye ruta ya shule, yaani kile kifaa kinachogawa intaneti, sehemu ya DNS (inayotafuta anwani ya kila tovuti) weka 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3, ni huduma ya bure ya Cloudflare inayozuia tovuti za ngono na zile za virusi kwa mashine zote zilizoungwa hapo. Haizuii kila kitu, YouTube itabaki wazi, na mwenye VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, atapita pembeni, kwahiyo bado mwalimu atembee katikati ya mistari, asikae mbele na simu yake. Na panga meza ziangalie ukuta ili skrini zote uzione ukisimama katikati, hii peke yake imenisaidia kuliko programu yoyote niliyowahi kufunga.

Bando nalo ni vita. Windows ikianza kujisasisha kwenye mashine zote kwa pamoja bando la mwezi linaisha asubuhi moja, kwahiyo nenda kwenye setingi za mtandao uiambie mashine kwamba hii ni intaneti ya kulipia kwa kipimo (imeandikwa metered connection). Alafu kaa na vitu visivyohitaji intaneti. Kuna programu inaitwa Kiwix, unadanlodi Wikipedia mara moja mahali penye mtandao mzuri unaiweka kwenye mashine na watoto wanaisoma bila bando, na Taasisi ya Elimu Tanzania wana maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Ukiwa na hivyo, vipindi vingi havihitaji intaneti kabisa, unaifungua kwa kipindi chenye kazi maalumu tu, alafu unaizima.

Narudi kwetu watu wazima, kwenye picha za wanafunzi. Hili linaniuma. Mwalimu anampiga picha mtoto aliyevaa sweta limechanika, au aliyepata sifuri anamwaga machozi, anaweka status ya WhatsApp na maneno ya kuchekesha. Mtoto yule ana dada mjini, ana majirani, picha inarudi kijijini kabla yeye hajarudi likizo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za mtoto zinahesabika ni nyeti, na mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 ni yeyote aliye chini ya miaka 18, yaani karibu wanafunzi wako wote. Kwahiyo kanuni iseme hakuna picha ya mwanafunzi inayotoka nje ya shule bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi, hata iwe ya kuomba msaada wa madawati. Na wanafunzi waambiwe kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ina kifungu cha uonevu wa mtandaoni na ina kifungu cha picha za ngono za watoto, kwahiyo kijana anayesambaza picha ya mwenzake "kwa utani" asidhani ni kosa la ukosefu wa adabu tu linaloishia ofisi ya nidhamu.

Simu za kufichwa bwenini, nitasema kidogo. Ukimkamata nayo usiivunje na usiichome moto mbele ya paredi kama wengine wanavyofanya, ile ni mali ya mzazi, pengine ameuza gunia la viazi kuinunua. Andika aina ya simu kwenye daftari, mtoto asaini, ifungie kabatini ikiwa imezimwa, mzazi aje aichukue. Na usipekue meseji zake.

Mambo mengine madogo ambayo hutayakuta kwenye kanuni za kudanlodi. Kuvua viatu mlangoni ni sawa, tope la Rungwe tunalijua, lakini mwezi wa sita na wa saba ile baridi yetu unamweka mtoto miguu mitupu kwenye sakafu ya saruji dakika themanini, hapo hasomi, anatetemeka, kwahiyo ruhusu soksi au tandika mkeka. Mikono ioshwe kabla ya kuingia, maana baada ya mapumziko ni maandazi na parachichi, kibodi zinanata. Radi ikianza kunguruma mashine zinazimwa na plagi zinachomolewa, kipindi kiendelee kwa ubao, hakuna kusubiri imalizie kazi. Na mausi ipokezane, sisi watoto watatu wanatumia mashine moja na bila kanuni mvulana anaishika kuanzia kengele hadi kengele, wasichana wanaangalia tu, alafu mwisho wa mwaka tunasema wasichana hawapendi kompyuta. Kila baada ya dakika kumi napiga makofi wanabadilishana kiti.

ChatGPT, ile programu ya akili bandia inayoandika majibu ukiiuliza, imeshafika huku pia, tusijifanye haipo. Tumesema anayeitumia kwenye kazi aandike chini kwamba ameitumia, na mwalimu ana haki ya kumwita aeleze kazi yake kwa mdomo bila karatasi, asipoweza kueleza anairudia.

Kwenye adhabu niwaombe, msimfungie mtahiniwa wa somo la kompyuta nje ya maabara muhula mzima. Umemwadhibu au umemfelisha? Mnyime intaneti, mkalishe mashine ya mbele karibu na wewe, mpe kazi ya kufuta vumbi na kukagua nyaya chini ya usimamizi, lakini somo asome. Na kila adhabu iandikwe kwenye daftari lile lile la kuingilia, jina, namba ya mashine, saa ya kuingia na ya kutoka, kosa, aliyeadhibu. Daftari hilo hata mwalimu anaandika jina lake akiingia.

Mwisho kuna ukurasa wa mzazi. Usimpe mtoto apeleke nyumbani, unarudi umesainiwa na kaka mtu. Subiri mkutano wa wazazi, zisome kwa sauti moja baada ya nyingine, waache waulize, maana wapo wasiowahi kushika kompyuta na wana maswali ya msingi kabisa, alafu wasaini au waweke dole gumba pale pale. Mkutano wetu uliopita mama mmoja alisimama akauliza, "sasa mwalimu akivunja hizo kanuni sisi tunamwambia nani?" Ukumbi mzima ukampigia makofi, na mkuu akajibu kwamba aambiwe yeye au mwenyekiti wa bodi ya shule, kesho yake tukaiongeza hiyo kama kanuni ya mwisho. Nyie mnaotaka nakala yetu niandikieni hapo chini, ila mkishaipata kaeni na wanafunzi wenu na wazazi wenu mbadilishe mnachoona hakiwafai.