Mbwa wangu wa kwanza alikaa kwangu siku tisa

Juzi nimepata ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Buswelu, Mwanza. "Shikamoo mwalimu. Nimehamia kwangu mwezi uliopita, nyumba haijaisha ila tumeshaingia. Naomba ushauri, nichukue mbwa gani mkali wa kutisha wezi? Kuna jamaa ana German Shepherd wa miezi miwili, anataka laki tatu na nusu."

Marahaba mwanangu. Nilipofika kwenye hiyo laki tatu na nusu nilicheka, halafu kicheko kikaniishia mdomoni. Ndiyo bei niliyotoa mimi mwaka 2021, shilingi kwa shilingi. Nilikuwa nimeapa kutoiandika habari hii, ila naona watu mnaenda kuangukia shimo lilelile.

Tunaojenga kidogo kidogo tunajuana. Nilihamia kibishi Kihonda, hapa Morogoro. Madirisha ya mbele yana vioo, ya nyuma yamezibwa mbao, fensi imesimama pande mbili, upande wa tatu ni wa jirani na wa nne ni wa Mungu. Mume wangu yuko Geita migodini, anakuja anapopata likizo. Wiki ya pili tu wezi wakapita na ndoo tatu, sufuria kubwa la shughuli na nondo nilizobakiza. Nikasema basi, natafuta mbwa.

Nikaenda Dar harusini. Siku hiyo nilikuwa nimependeza, na kwenye pochi nina hela ya mchezo niliyoipokea juzi yake. Hela ile ilikuwa na kazi yake: ni ya geti. Fundi wa kuchomelea alikuwa anasubiri malipo ya kwanza. Kando ya barabara nikaona vijana wameshika watoto wa mbwa kifuani kama watu wanaouza mashuka. Mmoja mweusi kwa kahawia, miguu minene, ananitazama. Nikashuka kwenye bajaji.

"Huyu orijino mama, wazazi wake wako Masaki. Chanjo zote tayari."

Mbona masikio yamelala? "Yatasimama." Kadi ya chanjo iko wapi? "Iko nyumbani, nakutumia WhatsApp." Mpaka leo naisubiri. Namba yake ilianza kutopatikana kabla sijafika Ubungo.

Nilimpakia basi la Morogoro ndani ya boksi la tambi. Konda akauliza kuna nini humo, nikamwambia viatu. Viatu vikaanza kulia Chalinze. Abiria wakacheka, na mimi nikacheka, nikajiona mwanamke shujaa kweli kweli, ninamiliki mbwa wa kizungu. Watoto wakampa jina Jenerali. Nikampiga picha kwenye ngazi ya mbele, upande wenye vioo, nikairusha kwenye kundi la familia.

Sasa nisikilizeni. Mpaka hapo nilikuwa nimeshakosea karibu kila kitu, na kosa la aina ya mbwa lilikuwa dogo kuliko yote. Sikuwa na banda, akalala stoo pembeni ya mifuko ya saruji. Sikujua anakula nini, nikampa maziwa ya ng'ombe na uji wa sembe, akaharisha usiku kucha. Na fensi ndiyo hiyo, pande mbili.

Siku ya tatu Jenerali akavuka kwa jirani. Jirani yangu ni mama mtu mzima, swala tano, kopo lake la kutawadhia linakaa barazani siku zote. Nilimkuta Jenerali amelilamba, mkia unacheza. Yule mama hakupiga kelele. Alichota udongo, akalisugua, akalisuuza, akarudia mpaka zikatimia mara saba, mimi nimesimama pale mikono nyuma kama mwanafunzi aliyechelewa. Alipomaliza akasema, "Mwalimu, mbwa wako sina neno naye. Wa ulinzi hatukatazwi. Lakini maliza ukuta kwanza."

Maliza ukuta kwanza. Kama kuna kitu kimoja utakachotoka nacho kwenye makala hii, chukua hicho. Aliyekipata ni yeye, mimi nimekifikisha tu.

Siku ya sita Jenerali akakataa chakula. Ya saba akatapika povu. Ya nane ikaja harisho ya damu, na harufu yake ukishaisikia mara moja hutaisahau, kama chuma kilichooza. Nikambeba kwenye khanga mpaka kwa daktari wa mifugo. Kabla ya kuuliza lolote, daktari alimfungua mdomo akahesabu meno. "Nani kakwambia miezi miwili? Huyu wakati unamnunua hata wiki tano alikuwa hajafika." Kumbe meno ya utoto ya mbwa huanza kuchomoza karibu na wiki ya tatu, na akifika wiki ya nane huwa yametimia. Wa kwangu alikuwa na mapengo nyuma. Alikuwa bado wa kunyonya, na mimi nilikuwa nimemtoa kwa mama yake kwa hela ya geti.

Ugonjwa ulikuwa parvo, virusi vinavyoshambulia utumbo wa mbwa. Akawekewa dripu mguuni, tukarudi naye, alfajiri ya siku ya tisa nikamkuta amepoa. Mwanangu mdogo alikuwa amemfunika jezi yake usiku bila kuniambia. Tulimzika nyuma, chini ya mpapai.

Shemeji yangu akaandika kwenye kundi la familia, "Jenerali kastaafu mapema." Watu wakaweka vicheko, kumi na moja, nilihesabu. Shemeji, najua unasoma hapa. Sijasahau.

Nikataka nichukue mwingine mwezi huohuo, daktari akanikataza. Virusi vya parvo vinakaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka, na sabuni ya kawaida haiviui. Sakafu ya saruji unaweza kuiosha kwa dawa ya klorini ya kufulia, kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, uiache dakika kumi ndipo usuuze. Udongo ni wa kuachia jua na muda. Kichanga asiye na chanjo usimlete pale kabisa.

Kwa hiyo nikangoja. Nikacheza mchezo mwingine, nikalipa geti, nikamaliza ukuta upande wa yule mama kwanza, halafu ule wa Mungu. Mwaka na miezi miwili. Hapo katikati hakuna cha kusimulia, ni saruji tu.

Mbwa wa pili nilimpata mwisho wa mtaa, kwa mzee mmoja mstaafu ambaye jike lake lilikuwa limezaa watoto watano. Mbwa wa kawaida kabisa, hawa mnaowaita koko, rangi ya udongo, manyoya mafupi. Safari hii nilikaa kwenye kigoda saa nzima. Kwanza nilimtazama mama yao: alinibwekea, mzee akamwambia neno moja, akanyamaza akaja kuninusa. Hapo nikatulia. Mbwa jike anayeuma watoto wa mtaani au anayejificha uvunguni akiona mgeni, usitarajie mtoto wake awe malaika.

Halafu nikadondosha mfuniko wa sufuria kwenye saruji. Wote wakakimbia. Mmoja hakurudi tena. Mmoja alirudi mbio akaanza kuwakanyaga wenzake. Kajike kamoja karudi polepole, kakanusa ule mfuniko, kakaulamba, kakaja kukaa kwenye ndala yangu. Nikamwambia mzee, huyu. Nikakagua fizi zake (ziwe na rangi ya waridi, zisiwe nyeupe), tumbo (likivimba kama puto ni minyoo), chini ya mkia pawe pakavu, na katikati ya vidole pasiwe na kupe.

Mzee alikataa hela, akataka kilo mbili za sukari. Ndiyo sababu anaitwa Sukari. Mzee mwenyewe mbwa wake anaitwa Utajiju, na jina hilo halikuwa la mbwa, lilikuwa la jirani wa zamani. Mnaijua hiyo tabia yetu.

Sikumchukua siku hiyo. Alibaki kwa mama yake, mimi nikagharamia: dawa ya minyoo, chanjo ya kwanza ya parvo na wenzake wiki ya nane, ya pili wiki ya 12 pamoja na ya kichaa cha mbwa. Kila jioni nikitoka kazini napita na kitambaa changu cha zamani alalie, azoee harufu. Wiki ya 12 ndipo akaja, na ya tatu akachomwa ya 16 akiwa kwangu.

Alikuta nyumba inamsubiri. Banda lilikuwa chini ya mwembe, sakafu ya mbao imeinuliwa kwa tofali moja moja ili maji ya masika yapite chini. Nililiweka pale kwa sababu bati likipigwa na jua la Morogoro ndani ni oveni. Sumu ya panya ilihama stoo ikapanda juu ya kabati, misumari ikaokotwa. Na kitu ambacho fundi wala mimi hatukukiona: geti letu linaelea juu ya ardhi kiasi cha shubiri. Sukari aliliona dakika ya kwanza. Nikapigilia ubao chini jioni ileile. Nenda kalale kifudifudi mbele ya geti lako uone dunia kama mtoto wa mbwa anavyoiona, majirani wakucheke, poa tu.

Chakula chake ni ugali wa dona na dagaa, utumbo wa kuku kutoka bucha, mara nne kwa siku akiwa mdogo, sasa mara mbili. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vikali. Vitunguu hapana. Kupe namtoa mwenyewe kila Jumamosi, masikioni na vidoleni, watoto wameshika kopo la mafuta ya taa la kuwatumbukiza.

Kuna jambo hakuna aliyeniambia: jike akifika miezi minane hivi anaingia joto. Nilihisi Kihonda nzima ilihamia getini kwangu, madume ya rangi zote, usiku na mchana, moja limefungwa bado na kipande cha mnyororo. Nilipomaliza aibu nikampeleka akafungwa kizazi. Kama hutaki watoto panga mapema, na kama unawataka, panga mapema zaidi.

Na hapa nitahubiri, mnisamehe, mimi ni mwalimu. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 99 ya watu wanaopata kichaa cha mbwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna wa kukuokoa. Wafundishe watoto: ukiumwa au kukwaruzwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali, hata kama mbwa ni wenu. Kama hela ya chanjo inakushinda, uliza halmashauri yako karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mtu ana laki tatu za mbwa halafu hana za chanjo! Huko ni kununua picha ya WhatsApp. Nasema kwa sababu niliinunua.

Sukari sasa ana zaidi ya miaka mitatu. Mwaka jana wezi walipita mtaa wetu wote, wakavuka kwangu. Yule mama jirani anamrushia vichwa vya dagaa juu ya ukuta kwa kijiti, hamgusi, na asubuhi namsikia akimsalimia.

Kijana wangu wa Buswelu, kama bado moyo uko kwenye German Shepherd, si dhambi. Mwambie huyo jamaa akupeleke ukamwone mama wa mbwa. Mfungue mtoto mdomo. Kadi ya chanjo uishike mkononi, iwe na kile kibandiko kinachobanduliwa kwenye kichupa cha dawa, na sahihi ya daktari ambaye simu yake inapokelewa. Akisema iko nyumbani, ondoka.

Lakini hukuniambia kuhusu fensi. Nimekuuliza mara mbili kwenye ujumbe, umenijibu masikio ya mbwa. Ukishafunga geti nitumie picha. Ya geti.