Nira ya kubebea mtumbwi bila kutoboa kingo

Mtumbwi wangu wa mbao una kilo thelathini na ushei. Majini husikii hata moja. Ukifika kwenye maporomoko ikabidi uupindue, uutie mabegani na kushika njia ya miguu, utazihesabu zote.

Hapo ndipo nira inapohitajika: ubao unaokingama katikati, kutoka ukingo hadi ukingo, ukae begani badala ya mtumbwi wenyewe. Tatizo ni kwamba katikati ndipo ninapopiga magoti nikiwa peke yangu, na tukiwa wawili ndipo mzigo unapokaa. Kwa hiyo niliitaka ya kufunga na kufungua. Kutoboa kingo sikutaka kabisa, maana kila tundu ni mlango wa maji, na mbao huanza kuozea hapo kwenye tundu.

Ya kwanza niliibana kwa chini ya kingo. Ilipendeza macho. Nilipopindua mtumbwi, uzito wote ukawa unaning'inia kwenye bolti mbili, na nira ikawa inalia kila nikipiga hatua. Sikufika mbali. Ilaze juu ya kingo! Mtumbwi ukipinduliwa, kingo zinaikalia nira, nira inakukalia wewe, na bolti zinabaki na kazi ndogo ya kuizuia isiteleze. Ukishalielewa hilo, kilichobaki ni useremala wa kawaida.

Tafuta ubao mwepesi ila mgumu, unene sentimita 2, upana kama 20, nyuzi zake zimenyooka na usiwe na kifundo, hasa karibu na matundu ya bolti. Urefu uzidi upana wa mtumbwi kidogo kila upande. Katikati kata nusu duara ya shingo, kina cha sentimita 6 au 7, upande unaoelekea omo, yaani ncha ya mbele ya mtumbwi. Isiwe finyu. Ule mfupa unaotokeza nyuma ya shingo ukigusa mbao, utaukumbuka siku mbili. Ncha zipunguze upana, kisha piga randa na msasa hadi pasibaki kona kali.

Mito ya mabega itengeneze kwa sponji ngumu iliyovikwa turubai. Laini inadanganya: ukiibonyeza kwa kidole ni raha, chini ya mzigo inakuwa karatasi. Nafasi kati ya mito hakuna wa kukupimia. Mimi niliifunga kwa kamba kwanza, nikatembea nayo robo saa, nikaisogeza, nikatembea tena, ndipo nikatia skrubu.

Vibanio ni vipande viwili vya mbao ngumu, kimoja kila upande, vinavyokamata ukingo kwa ndani na chini. Kila kimoja kichonge kisigino kinachogusa nira, na kisigino hicho kiwe kifupi kidogo kuliko kina cha ukingo. Kikiwa kirefu, utakaza nati mpaka vidole viume na ukingo hautabanwa. Bolti ipite kwenye nira na kibanio, pembeni mwa ukingo, si ndani yake. Chagua yenye shingo ya mraba chini ya kichwa, haizunguki ukikaza, na nati yenye masikio ili usihitaji spana. Bandika kipande cha ngozi panapogusana na mtumbwi.

Kupata mahali pa kuifunga, lalisha mtumbwi juu ya gogo la mviringo, usogeze hadi usimame sawa, utie alama. Nira iwe mbele ya alama hiyo kwa upana wa vidole viwili. Tezi, ile ncha ya nyuma, italemea kidogo, omo itainuka, na utaiona njia. Ukifunga makasia ndani, pima upya, kwa sababu yanabadilisha mizani.

Mwisho paka mafuta ya kitani. Na nati zifunge kwa uzi kwenye nira: yangu moja imezama mtoni hadi leo, na siku ile nilikaza upande mmoja kwa mkanda wa suruali.